Neno la Mhariri: Nyumba Ihamapo

Toleo hili tumelielekeza kwenye jambo ambalo waashi wa Rumonge, Burundi, hulikabili kila siku, nalo ni kujenga katika hewa moja kwa maarifa yaliyozaliwa katika hewa nyingine. Kutoka Bururi milimani hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika ni safari fupi ya gari, lakini katika safari hiyo ardhi hushuka zaidi ya mita 1,000, na joto, ambalo katika vilele vya juu ya mita 2,000 ni wastani wa digrii 15 hivi, katika tambarare ya Imbo hukaribia 24. Na mtu ateremkaye na jamaa zake huteremka pia na namna ya kujenga aliyoizoea kwao, yaani kuta nene na madirisha madogo, vitu vilivyokusudiwa kuhifadhi joto la mchana hata usiku wa baridi. Kule milimani hiyo ni hekima. Huku ziwani, ambako usiku wenyewe ni wa joto, ukuta ule ule humrudishia mwenye kulala jua lote ulilolipokea tangu asubuhi.

Mtihani huu umewapata wengi kabla yetu. Waomani waliomfuata Sultani wao, Sayyid Said, Unguja katika karne ya 19 walijenga nyumba za mapaa bapa kwa mujibu wa desturi ya nchi yao, ambako mvua ni adimu. Masika ya Unguja yakayapenya mapaa hayo, hata wenyewe wakalazimika kuyafunika kwa vipaa vya kuinama, aghalabu vya mabati, ambavyo hadi leo huonekana Mji Mkongwe. Na mwanawe, Sayyid Barghash, alipolisimamisha huko jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, alilizungushia roshani pana ili kuta zikae kivulini.

Wafanyabiashara wa pwani waliokaa Ujiji, kusini mwa mwambao huu huu, hawakukuta huko matumbawe wala boriti za mikoko. Walichukua udongo, miti na majani ya nchi, lakini ramani waliihifadhi: baraza mbele, ukumbi katikati, ua nyuma. Waliacha vifaa wakashika sababu, na hilo ndilo ninalolitetea hapa.

Katika Rumonge ramani hiyo yataka fikira zaidi, kwa kuwa ziwa liko magharibi. Mchana, nchi kavu ikishapata moto, upepo huvuma kutoka majini. Usiku hewa ya milimani huteremka kulielekea ziwa. Basi upande uletao upepo wa alasiri ndio uletao jua la alasiri, lile jua la chini liingialo hadi kitandani. Azibaye ukuta wa magharibi amejikinga na jua akajinyima upepo, na aufunguaye wazi ameupata upepo pamoja na moto wake. Jawabu, kwa rai yangu, ni baraza pana upande wa ziwani, upenu wake ushuke hadi karibu na kimo cha mtu, na ukumbi unyooke kutoka barazani hadi uani, ili upepo wa ziwa uingie kwa kupitia kivulini, na ule wa milimani uifuate njia hiyo hiyo usiku. Haya hayataki fedha nyingi. Yataka kuamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Juu ya paa sina maneno mengi. Jua la nchi hii hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, hivyo paa hupokea moto kuliko ukuta wowote. Mabati yanapendwa, na hapa hudumu kuliko pwani, kwani maji ya Tanganyika hayana chumvi ya kuyala. Lakini mabati yasiyo na dari chini yake ni kosa kubwa kuliko dirisha dogo, na vigae vya udongo vyastahili kufikiriwa upya.

Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda na kuzibomoa nyumba nyingi za ufukweni, na waliohamishwa na maji wanajenga upya sasa hivi, aghalabu kwa haraka. Kwa hiyo twawaomba wasomaji wa Rumonge, Nyanza-Lac na Buyenzi, nyumba kuukuu zingali zimesimama, wazipime na kutuletea vipimo: upana wa baraza, kimo cha upenu, mlango umeelekea wapi. Tutavichapa vyote katika matoleo yajayo.