Ulanzi wa Njombe: Mali ya familia isiyo na jina sokoni

MVUA zinapokolea katika vijiji vinavyoizunguka miji ya Makambako na Njombe, wagemi huingia katika vichaka vya mianzi vilivyopandwa na babu zao. Ncha ya chipukizi hukatwa, chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta hufungwa chini yake, na asubuhi na jioni ncha hiyo huchongwa upya ili utomvu usikome kudondoka. Utomvu huo ndio ulanzi.

Hauongezwi sukari wala hamira. Chachu iliyomo hewani na katika mbeta huanza kuila sukari ya utomvu papo hapo, ikizalisha kilevi pamoja na hewa ya ukaa inayotoa povu. Ukinywewa ungali mtamu huitwa mtogwa. Ukikaa siku moja au mbili ukakolea, huitwa mkangafu. Kila msafirishaji anajua kwamba dumu la ulanzi halifungwi kifuniko hadi mwisho, kwani litapasuka njiani.

Kwa maumbile hayo, ulanzi ni jamaa wa mbali wa shampeni ya Ufaransa. Tofauti ni kwamba Mfaransa aliifungia hewa hiyo ndani ya chupa nzito, akaandika jina la familia yake juu yake, na jina hilo likawa mali. Nyumba ya Bollinger, iliyoanzishwa mwaka 1829, ingali mikononi mwa familia. Tangu mwaka 1927 sheria ya Ufaransa inaainisha mipaka ya eneo ambalo zabibu zake ndizo pekee ziwezazo kubeba jina la Champagne, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vilima, nyumba na maghala ya eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwetu, kilichorithiwa ni kichaka. Hapo ndipo penye mgogoro ambao haustahili kupuuzwa.

Mwaka 1805, Barbe-Nicole Ponsardin alifiwa na mume wake, François Clicquot, akiwa na umri wa miaka 27. Sheria ya Ufaransa ya wakati ule, iliyombana mke aliye na mume, ilimwacha huru mjane kuendesha biashara, naye akaifanya nyumba hiyo kuwa miongoni mwa nyumba mashuhuri duniani. Leo nyumba hiyo ni mali ya kampuni kubwa ya LVMH, lakini jina la mjane bado limo katika chupa.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una wajane wengi kwa sababu inayofahamika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8 mkoani humo, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, na ule wa 2022/23 ulionyesha asilimia 12.7. Mume anapofariki, nyumba na shamba la mahindi huzungumzwa katika kikao cha ukoo. Je, mianzi inayoleta fedha kila masika ni ya nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hata hivyo, sheria hiyo humsaidia zaidi mwenye hati ya kimila mkononi, na kichaka kilichopandwa pembezoni mwa bonde bila kupimwa ni rahisi kudaiwa na shemeji.

Upande wa jina, hali si bora. Zanzibar ilitunga mwaka 2008 sheria ya mali za viwanda inayotambua viashiria vya kijiografia. Kwa Bara, tegemeo kubwa limekuwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo humfaa mfanyabiashara mwenye chapa yake na wakili wake. Kijiji chenye wagemi wengi hakionekani humo kwa urahisi.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kiwanda tu. Nadhani wanaharakisha. Ulanzi ukichemshwa ili udumu, chachu hufa na povu hukoma, kisha mwenye kiwanda atalazimika kuingiza hewa kwa mashine. Kitakachouzwa kitakuwa salama na cha kudumu rafuni, ila thamani itakuwa imehamia kwa mwenye mashine. Makambako, panapokutana reli ya TAZARA na njia panda ya kwenda Songea, inafaa kwa kiwanda cha namna hiyo, na ndiyo sababu suala la umiliki lapaswa kutangulia.

Wakati huohuo ardhi inagombewa. Kampuni ya TANWAT ilianza kupanda miwati Njombe mwaka 1949. Zikafuata chai na mbao, na katika miaka ya karibuni parachichi, lenye mnunuzi wa ng'ambo na bei inayojulikana. Kijana anayepima faida haoni sababu ya kuacha mianzi ya babu isimame.

Mianzi ya ulanzi nayo ina tabia yake: baada ya miaka mingi huchanua kwa pamoja, kisha hufa. Familia ambayo haikuhamisha vipande vya mashina yenye mizizi kutoka kichaka kingine hubaki na magogo makavu, na katika shamba lisilo na hati, atakayeamua kipandwe nini hapo ni yule atakayewahi na jembe.