Bustani za Wanyama: Aliyefungwa ni Amana



Hivi karibuni kamati yetu ya msikiti ilipokea ombi la wazazi wa watoto wa madrasa. Waliomba kwamba siku ya pili ya Idi watoto wapelekwe kutazama wanyama katika bustani moja iliyo nje kidogo ya mji. Tulidhani shauri hilo lingekwisha kwa dakika tano: kukodi basi, kupanga michango, kuteua walimu wa kusimamia. Kumbe lilituchukua muda wote baina ya Magharibi na Isha.

Mzee wetu mmoja alisema hataki mjukuu wake afundishwe kufurahia kifungo cha kiumbe. Akatukumbusha habari aliyotusimulia Mtume wetu (s.a.w.) ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kwa kuwa alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha huru ajitafutie riziki yake. Mwakilishi wa kina mama akamjibu kwa adabu: "Baba, watoto hawa wamemwona simba kwenye noti ya shilingi elfu mbili tu. Kama hawajapata kumwona kwa macho, watampendaje, na watamlindaje?"

Kila upande ulikuwa na hoja, na kikao hakikuafikiana. Desturi ya vikao ni kwamba jambo lililoshindikana hukabidhiwa katibu. Basi nasi, tunaoshika kalamu ya kamati, tukapewa wiki mbili tutafute maelezo na kuyarudisha kikaoni. Haya tunayoyaandika leo ndiyo tuliyoyapata. Tumeona tuyaweke hapa kwa sababu swali hilo si la msikiti mmoja.

Desturi ya kuweka wanyama wa porini mijini ilianza kama fahari ya wafalme. Bustani ya Schönbrunn mjini Vienna ilianzishwa mwaka 1752 kwa ajili ya nyumba ya kifalme ya Austria, na ndiyo kongwe kuliko zote zinazoendelea hadi leo. Wanyama walikuwa pia zawadi za watawala. Muhammad Ali Pasha wa Misri alimpelekea mfalme wa Ufaransa twiga mdogo aliyekamatwa Sudani, na mwaka 1827 mnyama huyo alitembezwa kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris, umati ukimshangilia njia nzima. Mwaka uliofuata London ikafungua bustani yake, iliyokusudiwa kwanza kwa wanazuoni. Cairo nayo ikapata ya Giza mwaka 1891. Katika zama hizo pori lilidhaniwa kuwa ghala lisilokwisha. Mnyama akifa kizimbani, wakamataji walitumwa kuleta mwingine, na waliokufa njiani hawakuhesabiwa.

Miongoni mwa bustani hizo kongwe, tumechagua kuitazama kwa karibu ile ya Bronx, katika jiji la New York, iliyofunguliwa mwezi Novemba mwaka 1899. Tumeichagua kwa sababu wema na ubaya wa bustani za wanyama umepita katika lango hilo moja, na kwa sababu habari zake zinafika mpaka milimani kwetu.

Tuanze na wema. Mkurugenzi wake wa kwanza, William Hornaday, alikuwa mtu aliyeshuhudia maangamizi. Nyati wa Marekani, wanaoitwa baisani, walipata kuwa mamilioni kwa mamilioni katika mbuga za nchi ile. Bunduki na biashara ya ngozi viliwamaliza katika muda wa kizazi kimoja, hata ilipofika miaka ya 1880 waliosalia walikuwa mamia tu. Hornaday aliwakusanya wachache Bronx, wakazaana. Mwezi Oktoba mwaka 1907, baisani 15 walipakiwa kwenye mabehewa ya treni, wakasafirishwa kutoka jijini kwenda kwenye hifadhi ya Wichita, Oklahoma. Mnyama aliyekuwa akitoka porini kwenda mjini, safari hii alitoka mjini kwenda porini.

Sasa ubaya, nao hatuna budi kuutaja. Mwaka mmoja tu kabla ya safari hiyo ya treni, mwezi Septemba mwaka 1906, bustani hiyo hiyo, chini ya mkurugenzi huyo huyo, iliweka katika nyumba ya nyani mwanadamu. Aliitwa Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, aliyeletwa Marekani ili aonyeshwe katika maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904. Maelfu ya watu walimiminika kumtazama na kumcheka. Wachungaji Weusi wa jiji hilo, wakiongozwa na James Gordon, walipinga kwa nguvu mpaka akatolewa, akapelekwa katika makao ya mayatima. Baadaye aliishi Lynchburg, Virginia, akifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Inaelezwa kwamba alitamani mno kurudi kwao, na vita kuu vilipozuka njia ya kurudi ikazibika. Mwezi Machi mwaka 1916 alijitoa uhai. Chama kinachomiliki bustani hiyo kiliomba radhi hadharani mwaka 2020, miaka 114 baada ya tendo.

Tulipoisoma habari hii tulisita kuendelea. Mtu aliyewahurumia baisani kiasi cha kuwarudisha nyumbani, alishindwaje kumwona binadamu mwenzake? Jibu tulilolipata ni kwamba huruma isiyo na mizani humchagua inayempenda. Ndiyo maana hatuwezi kuipima bustani yoyote kwa maneno matamu ya wenye nayo. Tuipime kwa swali moja: kilichochukuliwa, je, kiliwekwa kama mali au kama amana? Mali hubaki kwa mwenyewe, bali amana hutunzwa ili irudi kwa wenyewe. Ota Benga hakurudishwa.

Karibu miaka mia moja baadaye, lango la Bronx lilipokea wageni wengine kutoka Afrika. Safari hii walikuwa vyura wetu.

Wengi wetu tumesikia habari za chura wa Kihansi, na wengine tumezifanyia mzaha. Ni chura wa rangi ya manjano, mrefu kiasi cha sentimita mbili, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto wasiozidi ukubwa wa punje ya mchele. Watafiti walimgundua mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Makazi yake yote yalikuwa hekta mbili hivi, chini ya maporomoko, mahali ambapo manyunyu ya maji yalilowesha mimea mchana na usiku. Hakupata kuonekana mahali pengine popote duniani.

Wakati huo ujenzi wa bwawa la umeme juu ya korongo ulikuwa umekwisha kuanza. Lilipokamilika, sehemu kubwa ya maji, kiasi cha asilimia 90, ilielekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakakatika, na mimea ikaanza kukauka. Hatuandiki haya kulaumu umeme. Taa tunayosomea darsa baada ya Isha na feni inayowapoza wagonjwa hospitalini zinategemea gridi ambayo Kihansi ni sehemu yake. Lakini ni uungwana kujua nani alilipa sehemu ya bei ya nuru hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na serikali yetu, vyura 499 walichukuliwa kutoka korongoni, wakasafirishwa kwa ndege hadi Bronx. Huko ndiko tulikoona kazi ya bustani ya wanyama inapofanywa sawasawa. Walezi hawakuwa na kitabu cha kuwaongoza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfuga chura huyu. Iliwabidi watengeneze manyunyu ya bandia, wapime maji na mwanga, na wawalishe wadudu wadogo kabisa. Wengi walikufa. Ilipofika mwaka 2004, waliobaki katika bustani zote walizogawiwa hawakufika mia. Bustani mbili tu, ya Bronx na ya Toledo, zilifaulu kuwaweka hai, na polepole wakaanza kuzaliana.

Huku nyumbani, mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamefungwa korongoni, na kwa muda vyura waliobaki wakaongezeka. Kisha ghafla wakapukutika, na ukagunduliwa ugonjwa wa kuvu unaowaua vyura katika nchi nyingi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Laiti wale 499 wasingalisafiri, hadithi yake ingaliishia hapo.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Dar es Salaam, wakapokewa katika maabara iliyoandaliwa Chuo Kikuu, chini ya mikono ya wataalamu wetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2012, vyura wapatao elfu mbili waliachiwa korongoni kwao. Amana ilirudi. Wala hatusemi kwamba kazi imekwisha, kwa maana korongo lenyewe linanyunyiziwa maji kwa mabomba, na kuvu bado ni hatari. Anayerudishwa nyumbani huhitaji nyumba.

Somo hilo la nyumba tunalipata pia Oman, nchi ambayo wengi wetu tuna jamaa huko. Choroa mweupe wa Arabuni aliuawa mpaka wa mwisho porini mwaka 1972. Kabla ya hapo, wachache walikuwa wamekusanywa na kuzalishwa katika bustani ya Phoenix, Marekani, baadhi yao wakiwa zawadi ya Mfalme Saud. Mwaka 1982 kundi la kwanza liliachiwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis, na Waharasisi, wenyeji wa jangwa hilo, wakawa walinzi wao. Choroa wakaongezeka wakafika mamia. Kisha, katika miaka ya 1990, majangili wakaanza kuwakamata na kuwauza, na hifadhi nayo ikapunguzwa ukubwa. Mwaka 2007 hifadhi hiyo ikaondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Bustani ya wanyama inaweza kuhifadhi mbegu, lakini haiwezi kuwa shamba.

Tukiwa wakweli, yapo mengine ya kukiri. Wanyama wengi walio vizimbani hawatarudi porini kamwe. Simba aliyezaliwa kizimbani hakufundishwa kuwinda, na anayekosa woga wa binadamu ni hatari kwa vijiji. Kwa hao, deni hulipwa kwa njia nyingine: kiingilio cha mtazamaji kisaidie kuwalinda ndugu zao walio huru. Chama kinachomiliki bustani ya Bronx kinafanya hivyo katika nchi nyingi, na yetu ni mojawapo. Ni watafiti wake waliomkuta nyani kipunji katika misitu ya Rungwe mwaka 2003 na kumtambulisha kwa ulimwengu wa sayansi, ingawa Wanyakyusa walikuwa na jina lake siku nyingi. Bustani isiyolipa deni kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, hiyo ni kifungo tu chenye tiketi.

Kwa hiyo tuliirudishia kamati maswali matatu, ambayo mzazi yeyote anaweza kuyauliza mlangoni kabla ya kulipa. Kwanza, je, mnyama huyu ana maji, kivuli, chakula, nafasi na tabibu? Pili, je, alizaliwa hapa au aliokolewa, au alinyakuliwa porini ili atazamwe? Tatu, je, fedha hizi zinawafikia kwa namna yoyote wenzake walio huru? Watoto nao wafundishwe kuyauliza. Mtoto anayemtazama mnyama bila kuuliza hujifunza kwamba kiumbe ni kitu cha kuchezea.

Kamati iliafiki, ikataka maswali hayo yaanze na sisi wenyewe. Basi tukaenda kuiona ile bustani ya nje ya mji, pamoja na yule mzee na yule mama. Tulikuta simba wawili wenye eneo pana na kivuli cha mwembe. Tulikuta pia nyani mmoja, peke yake, katika kizimba ambacho mtu mzima hawezi kusimama wima, na sufuria yake ya maji ilikuwa kavu saa saba mchana. Kijana aliyekuwa zamu aliijaza mara tulipomwambia, akatueleza kwa unyenyekevu kwamba walezi ni wachache. Mzee hakusema neno. Alisimama pale mpaka nyani alipomaliza kunywa.

Njiani kurudi, ni yeye aliyependekeza. Watoto waende, alisema, lakini kwanza uongozi wa bustani uandikiwe barua kuhusu kizimba kile, na msikiti ujitolee mbao, waya na mafundi wake wawili wa kukipanua. Yule mama akaongeza kwamba kabla ya basi kuondoka, watoto wasimuliwe habari ya paka, na mzee mwenyewe ndiye awasimulie.

Barua tumeipeleka kwa mkono, na imegongwa muhuri wa kupokewa. Jibu tunalisubiri. Likija kabla ya Idi, basi litakodiwa; lisipokuja, watoto tutawaeleza sababu, nayo itakuwa darsa tosha. Tunawaomba wasomaji walio jirani na bustani kama hizo wafanye vivyo hivyo: waende, waulize, na wakiona sufuria kavu wasipite.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wema kwa kila alichokiweka chini ya mikono yetu. Wabillahi tawfiq.