Diski ya pili inunuliwe kwanza

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliokimbia vita, msiseme hii ni habari ya mafundi peke yao. Tangazo la mtoto aliyepotea njiani, sauti ya mama anayemtafuta kwa redio, vyote vinalala ndani ya diski ya seva.

Seva moja inaweza kubeba kompyuta kadhaa, zile zinazoitwa mashine pepe. Kwa wanaotumia VMware, mafaili yake hupangwa kwa mfumo wa VMFS. Toleo la 5 lilipotoka mwaka 2011, fundi aliweza kupandisha toleo la 3 pale pale, mashine zikiendelea na kazi. Toleo la 6, la mwaka 2016, halikubali hivyo: unatengeneza ghala jipya, unahamisha mashine zote, ndipo unafuta la zamani.

Basi nafasi nyingine inahitajika, na hapo wakubwa wanaanza kubana pesa. Eti fundi anakili kwenye diski ndogo ya nje, afute, kisha arudishe. Huku kwetu umeme unakatika bila kuaga! Nakala ikiharibika, na ya kwanza imeshafutwa, tumepoteza majina ya watu.

Mimi nasema pesa ikikosekana, toleo la 5 libaki kwanza. Kweli, nafasi ya mafaili yaliyofutwa hairudi yenyewe kama kwenye la 6, lakini hiyo tunaivumilia. Wafadhili wanaoleta seva walete pia diski na betri. Na siku ya kuhamisha, fundi afungue matangazo kwenye ghala jipya, ayasikilize, ndipo afute. Hata kama kazi itakula usiku mzima.