Posta ikiuzwa, nani atatujibu?



Kijana mmoja wa Mboko ametuletea swali lake kwenye karatasi ya daftari. Anasema walibishana katika kikundi chao cha vijana juu ya wafanyakazi wa posta ya Uingereza, waliotaka kugoma wakati serikali yao ilipouza posta kwa watu binafsi. Anauliza hivi: "Ile mambo ya mwaka 2013 iko na maana gani kwetu leo, na huku kwetu posta yenyewe hakuna? Na kugoma kunasaidia nini, kama mwishoni waliuza tu?"

Nilitaka kumjibu kwa maneno mawili nimalize. Lakini swali lake halikuniacha.

Kwanza tunyooshe habari yenyewe, maana vijana wetu wanapenda kusimulia mambo nusunusu. Tangu mwaka 1840 Waingereza walikuwa na desturi ambayo nchi nyingi ziliifuata nyuma yao: barua nyepesi inalipiwa bei moja, iende mtaa wa pili au iende kijiji cha mwisho kando ya bahari. Maana yake, mtu wa mji anamchangia kidogo mtu wa mbali, bila kujua. Fikiria barua ya kutoka Uvira kwenda Kavimvira na barua ya kutoka Uvira kwenda kule milimani Fizi, zote bei moja. Mfanyabiashara gani angekubali hivyo kwa hiari yake? Ndiyo hofu waliyokuwa nayo wale wafanyakazi. Walisema mwenye mali mpya atapenda mji, ambako nyumba zinagusana, na vijiji atavichoka. Na wao wenyewe atawageuza vibarua.

Mwezi wa Oktoba 2013 serikali iliuza. Hisa moja ilitolewa kwa peni 330, na siku ya kwanza sokoni ikapanda mpaka karibu peni 455. Watu wengi wakalalamika kwamba mali ya taifa imetolewa kwa bei ya kutupa. Wafanyakazi, ambao walikuwa kama 150,000, waligawiwa sehemu moja ya kumi ya hisa bure, na walio wengi sana walizipokea. Siwalaumu. Lakini uone ujanja wake: ukitaka mtu asipige kelele wakati unauza nyumba ya ukoo, mpe chumba kimoja.

Kisha wakapiga kura ya kugoma, na karibu watu 8 katika 10 waliopiga kura wakakubali. Kura zilipotangazwa, posta ilikuwa imekwisha kuuzwa. Hapo kijana wetu ana haki, walichelewa. Lakini hakusimulia iliyofuata. Mgomo wenyewe uliowekwa mwanzo wa Novemba uliahirishwa, wakaketi mezani, na Desemba wakapata mapatano yenye nguvu ya sheria: nyongeza ya mshahara, na ahadi kwamba kazi haitakatwa vipande na kupewa wengine. Mauzo hawakuyazuia. Waliandikisha tu yule mnunuzi ana deni gani kwao.

Na mambo hayakuishia pale. Mwaka 2022 mwenye mali alipotaka kubadili kazi na malipo, waligoma kweli, siku 18 kati ya Agosti na Desemba. Mwaka 2025 kampuni ikaingia mikononi mwa tajiri mmoja wa Czech, na mwaka huohuo barua za bei nafuu zikaacha kupelekwa kila siku. Kwa hiyo hofu yao haikuwa ya bure. Lakini Oktoba 2025 mkaguzi wa serikali aliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 21 kwa sababu barua zilichelewa. Barua kuchelewa tu! Hapa kwetu barua haifiki kabisa na hakuna hata mtu wa kumwuliza.

Sasa turudi huku kwetu ziwani.

Posta yetu haikuuzwa. Ilikauka. Wazee wanakumbuka wakati wa Zaire, jinsi ofisi zilivyobaki na meza na muhuri bila kazi. Ukishika barua za zamani za makanisa na mashirika ya Kivu, tazama juu kwenye anwani. Wa Bukavu waliandika sanduku la posta la Cyangugu, huko Rwanda. Wa Uvira waliandika la Bujumbura. Tulikuwa na nchi kubwa namna hii, na barua zetu zinaenda kulala kwa jirani. Tena mwaka 1996 vita vilipotawanya watu wa Fizi na wengi wakavuka ziwa mpaka Kigoma, kilicholeta habari za nani yuko hai ni karatasi za Msalaba Mwekundu, zile za wazi, zisizofungwa, za kuandika habari za jamaa tu. Nyumba nyingi bado zinazo. Zinatunzwa pamoja na vyeti vya ubatizo.

Sheria ya tarehe 7 Julai 2008 iligeuza mashirika ya Leta, na posta ikawa kampuni ya biashara inayoitwa SCPT, mwenye hisa akiwa Leta mwenyewe. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyopewa ule waya wa intaneti unaotoka baharini na kuingilia Muanda tangu 2013. Waya upo, barua hakuna. Na wafanyakazi wake nao wamegoma mara nyingi, lakini si juu ya kuuzwa. Wanadai mishahara ya nyuma.

Hapa, kijana wangu, ndipo nataka uniskilize vizuri. Mgomo ni silaha ya mtu ambaye kazi yake bado inahitajika. Yule Mwingereza akikaa nyumbani siku moja, barua zinarundikana na mwenye mali anatoka jasho. Mtu ambaye hajalipwa miezi na miezi, katika ofisi ambayo hakuna anayeingia, akigoma nani atashtuka?

Tunaujua mfano wake bila kwenda Ulaya. Waulize wazee waliofanya kazi SOMINKI, kule Kamituga na Lugushwa. Ile kampuni iliundwa 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya madini. Bei ya bati ikaanguka, mishahara ikakwama. Mwaka 1996 hisa zikanunuliwa na Banro ya Kanada na wenzake, na 1997 SOMINKI ikafungwa. Wafanyakazi walibaki na karatasi za hesabu ya mwisho ambayo hawakulipwa. Wameidai miaka zaidi ya 20, wengine wakafa wakidai, na sasa ni watoto wao wanaozunguka na zile karatasi. Walipoanza kusema kwa nguvu, shimo lilikuwa limekwisha kuwa la mtu mwingine, na yule mtu akasema: sikuwaajiri mimi.

Ndiyo maana siwezi kusema habari ya 2013 imepitwa.

Mtasema leo tuna simu. Kweli, tangu 2012 pesa za Misisi zinafika Mboko kwa simu kabla mchimbaji hajanawa mikono. Wadenmark nao wameacha kabisa kazi ya barua katika posta yao mwisho wa 2025, baada ya miaka 400. Lakini kuna vitu simu haivibebi. Mimi mwenyewe nilimtuma mtoto wa dada yangu diploma yake ya Leta, ile ya kweli, kupitia ajansi moja ya mizigo. Bahasha ikapotea. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza waliniambia nirudi. Mara ya pili yule kijana aliyeipokea alikuwa ameacha kazi. Mara ya tatu walisema: "Mzee, risiti iko wapi?" Sikuwa na risiti. Nilikuwa nimeona aibu kuiomba, maana yule kijana ananifahamu.

Kwa hiyo posta yetu imekwisha kuwa ya watu binafsi, vijana. Iko kwa shofere, kwa mwenye boti, kwa mwenye moto. Wengi wao ni waaminifu, nawashukuru. Ila hakuna aliyeketi nao tangu mwanzo kuandika: bei ni hii, na ikipotea utalipa hivi.

Na ninyi mnaokaa karibu na machimbo, jambo hili liko mlangoni kwenu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamdai mwenye kibali kikubwa aandike pamoja na wenyeji hati ya ahadi zake, na atenge 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Siku kampuni ikifika kwenu, ombeni kuiona hiyo hati mapema, wakati bado wanahitaji barabara yenu na mikono yenu. Msingoje mpaka kibali kiuzwe kwa mwingine.

Wale wa Mboko wanaotaka kuendelea na mabishano, andikeni. Barua mpeni yule mama anayewaletea gazeti hili, naye atampa shofere wa Uvira. Nyuma ya bahasha wekeni tarehe na jina la kila mtu aliyeishika. Shofere akicheka, mwambieni ni mimi nimesema.