Mwacheni Mke wa Macbeth

Mwanaume akiharibikiwa, anayetafutwa kwanza ni mkewe. Kaa barazani Kilindoni uisikie hukumu kabla kahawa haijapoa: fulani alikuwa mtu mwema, kaponzwa na mke. Mwenye kisomo humleta Shakespeare kuwa shahidi. Macbeth si alikuwa shujaa mtiifu mpaka mkewe alipomtia maneno amuue mfalme?

Hakuwa. S. S. Mushi aliifasiri tamthilia hiyo mwaka 1968 kwa jina la Makbeth, basi kutoijua si udhuru. Wachawi wanamtabiria ufalme akitoka vitani, mkewe yuko nyumbani hana habari. Papo hapo wazo la kuua linamwingia na nywele zinamsimama. Mke anapata habari kwa barua, na mwandishi wa barua ni mume.

Sikatai kwamba mwanamke yule anachochea. Anawalevya walinzi, anamkejeli mumewe kuwa si mwanaume, anayarudisha majambia chumbani kwa mkono wake. Mshirika, tena hodari. Ila baada ya kuuawa mfalme huyo, Duncan, nani anamsukuma Macbeth? Wauaji wa rafiki yake Banquo anawatuma mwenyewe, na habari hiyo anamficha mkewe makusudi. Anapoagiza mke na watoto wa mpinzani wake Macduff wachinjwe, hamshauri mtu. Mwanamke tunayemtwisha yote hayo anatembea usingizini akinawa damu asiyoiona mwingine.

Macbeth wa historia alimuua Duncan vitani mwaka 1040, si kitandani. Mkewe, Gruoch, tunamkuta akitoa ardhi pamoja na mumewe kwa watawa wa Loch Leven. Uchochezi aliongezewa na waandishi wa karne za baadaye.

Lakini kwa nini twende Uskoti? Vukeni hadi kisiwa cha Juani, kwenye magofu ya mji wa Kua. Wazee husimulia kwamba watu wa mji wa Kisimani walijenga chombo, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe ya kukishua. Wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani, wakakipitisha chombo juu yao. Kua wakanyamaza miaka. Kisha wakatangaza arusi. Kisimani wakaja, wakaandaliwa karamu katika chumba cha chini, huku wenyeji wakitoka mmoja mmoja mpaka akabaki mzee mmoja wa kuwazungumzisha. Mlango ukazibwa kwa mawe.

Mke gani alinong'ona hapo? Fahari ya chombo, kisasi kilicholelewa miaka, fundi wa kuziba mlango. Kote huko simulizi haimtaji mchochezi wa kike. Bibi arusi hata jina hana, ametumika kama chambo. Na msimulizi wa kisa hiki mchana ndiye huyo huyo atakayeapa barazani jioni kwamba tamaa ya mwanaume huanzia kwa mkewe.

Imani hii inadumu kwa kuwa inaufaa ukoo. Mke ametoka nyumba nyingine. Lawama ikimwangukia, mama mkwe na mawifi wanalala salama, jina la ukoo halina doa. Angalieni sifa zinavyogawiwa: mwana wetu akipata cheo, kamrithi babu yake. Akikitumia cheo hicho kuiba, kafunzwa na mke. Saini iliyo kwenye vocha, mbona ni ya mjukuu wa babu?