Tangi la Pili la Pikapu: Akiba au Hatari?

Barabara itokayo Uyole kwenda Tukuyu, na kuendelea hadi Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi, hupita Kyimo katika wilaya ya Rungwe. Nchi hiyo ni ya milima na mvua nyingi, na mazao yake ni ndizi, viazi, chai na maparachichi. Mazao hayo hutoka vijijini kwa njia za udongo kabla ya kuifikia lami, na kwa miaka mingi gari la kutegemewa katika njia za namna hiyo limekuwa pikapu ya zamani, hasa Land Rover ya inchi 109. Mwenye gari kama hilo hukabiliwa na swali moja: mafuta ya akiba yawekwe wapi? Wengine huyatia katika dumu na kulisimamisha nyuma, kati ya mikungu ya ndizi na miguu ya abiria. Wengine humwendea fundi awafungie tangi la pili. Njia ya kwanza haifai kabisa. Njia ya pili yafaa, lakini kwa sharti kwamba mfungaji na mwenye gari wanaelewa sayansi iliyomo ndani yake. Na sayansi hiyo yote imo katika masomo ya shule ya sekondari.

Desturi ya kubeba mafuta katika vyombo vya kila aina ina historia yake. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na mapipa yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia nyanda za juu za kusini, mpaka bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 lilipokamilika mwaka 1968. Kisha bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Uhaba wa miaka ile ulimfundisha kila dereva kwamba kituo cha mafuta chaweza kuwa kikavu wakati wowote. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kosa ni kuiacha ichague chombo.

Waliobuni Land Rover ya inchi 109 walikuwa wamelifikiria jambo hili. Tangi la pikapu hiyo huchukua lita 45 na hukaa chini ya kiti cha mbele. Chini ya kiti cha upande wa pili pana nafasi ya tangi jingine la kipimo hicho hicho, na magari mengi ya jeshi la Uingereza ya aina hiyo yalifungwa matangi mawili pamoja na koki ya kubadilishia. Gari lililopakiwa mzigo likienda kilomita 6 kwa lita, tangi moja humaliza safari ya kilomita 270, na mawili kilomita 540. Kwa hiyo anayefunga tangi la pili haharibu gari. Huenda analikamilisha, akilifunga mahali palipokusudiwa.

Kwa nini dumu halifai? Petroli yenyewe haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mchanganyiko wenye mvuke wa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 huwaka kwa cheche moja. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai juu ukapotea, bali hutambaa chini na kutuama mahali palipoinama, kama vile ndani ya bodi ya pikapu. Abiria mmoja akiwasha sigara, hesabu imekwisha. Moto wa Morogoro wa Agosti 2019, uliowaua watu zaidi ya 100 waliokusanyika penye lori la mafuta lililopinduka, ulionyesha kwamba mvuke haumpi mtu nafasi ya kukimbia.

Tangi nalo lina masharti yake, na safari ya kutoka Kyimo kwenda Kyela yatosha kuyaeleza. Asubuhi Kyimo huwa na baridi, ilhali mchana bonde la Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, huwa na joto kali. Petroli hutanuka kwa karibu sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Joto la mafuta likipanda kwa nyuzi 20, lita 45 huongezeka kwa zaidi ya robo tatu ya lita. Tangi lililojazwa hadi shingoni Kyimo halina budi kutapika mafuta hayo njiani, pengine juu ya bomba la moshi lililo moto. Ndiyo sababu tangi lililoundwa vizuri huachiwa nafasi tupu juu, na ndiyo sababu fundi asirefushe mdomo wa tangi ili lijae zaidi.

Sharti la pili ni tundu la hewa. Kila lita ya mafuta inayotoka yapasa ifuatwe na lita ya hewa inayoingia. Tundu likizibwa na matope, kanieneo ya ndani hupungua. Ikipungua kwa sehemu moja tu ya kumi ya ile ya nje, bamba la tangi lenye sentimita 60 kwa 50 hulemewa na kani sawa na uzito wa magunia matatu ya kilo 100. Pampu hushindwa kuvuta, injini huzimika mlimani, na dereva humlaumu fundi wa kabureta. Akifungua mfuniko, akasikia hewa ikiingia kwa kishindo, na gari likawaka tena, basi ugonjwa umejulikana. Mrija wa hewa wa tangi la pili uelekezwe juu, mahali ambapo matope hayafiki, kisha ncha yake ikunjwe kuelekea chini.

Sharti la tatu ni namna ya kuunganisha. Wapo wanaounganisha matangi mawili kwa bomba moja la chini ili mafuta yajisawazishe yenyewe. Kanuni ni sahihi, kwa maana kimiminika katika vyombo vilivyounganishwa hutafuta usawa mmoja. Lakini kwa kanuni hiyo hiyo, gari likiinama upande, mafuta yote hukimbilia tangi la chini, na likitoboka tangi moja, yote mawili hukauka. Ni bora kila tangi lijitegemee, na koki iwe katikati.

Katika injini nyingi za dizeli kuna mtego mwingine. Pampu huvuta mafuta mengi kuliko yanayounguzwa, na yaliyobaki hurudishwa kwenye tangi kwa bomba lake. Koki ikibadilisha bomba la kuvutia peke yake, gari hunyonya tangi la pili huku likirudisha katika la kwanza, mpaka la kwanza lifurike na kumwaga dizeli barabarani, nayo dizeli juu ya lami ni utelezi kwa pikipiki inayofuata nyuma. Dawa yake ni koki yenye milango sita: miwili kwa kila tangi na miwili kwa injini.

Uzito nao usisahauliwe. Lita 90 za dizeli zina kilo 75 hivi. Zikifungwa nyuma ya ekseli ya nyuma, hutenda kazi kama nyenzo: huinua pua ya gari na kuyapunguzia magurudumu ya mbele nguvu ya kushika njia. Tangi likae katikati ya ekseli mbili, ndani ya chasisi, mbali na bomba la moshi. Na kwa kuwa hewa ya Rungwe ina unyevu mwingi, tangi linaloachwa nusu tupu hukusanya matone ya maji, nayo maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini na kulitia kutu. Liwe na nati ya kumwagia uchafu.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haimo barabarani, bali imo gereji. Ni pale fundi anapochukua tangi kuukuu au pipa lililokuwa na petroli ili alichomelee. Kwa macho ya kawaida chombo kitupu ni salama kuliko kilichojaa. Kwa macho ya sayansi ni kinyume, kwani kilichojaa hakina nafasi ya hewa, na kitupu kina mvuke na hewa pamoja. Chombo cha namna hiyo kisiguswe na moto mpaka kisafishwe kabisa na kupimwa kwa kifaa cha kupimia gesi. Pasipo na kifaa hicho, anunue tangi jipya. Ni ghali, lakini mkono wa fundi hauna spea.

Watasema wengine kwamba vituo vya mafuta vimeongezeka, na tangi la pili limepitwa na wakati. Kwa gari lisiloacha lami hoja hiyo ni kweli, na mwenye gari kama hilo aache tamaa ya kuhodhi. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini petroli iliyokaa miezi mingi huchacha na kuacha utomvu katika kabureta. Tangi la pili ni la mwenye safari, si la mwenye ghala.

Linabaki jukumu la shule. Kutanuka kwa vimiminika, kanieneo ya hewa, vyombo vilivyounganishwa na nyenzo hufundishwa ubaoni kila mwaka, huku fundi akibahatisha kando ya barabara. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi mambo hayo kwa maji, kamwe si kwa petroli: makopo mawili na mpira mmoja yaonyesha usawa, chupa yenye tundu moja chini, ikifunikwa na kufunuliwa, yaonyesha kazi ya hewa. Kisha awapeleke gereji, waangalie chini ya pikapu na kumsikiliza fundi. Fundi ana mengi ya kuwafundisha juu ya chuma. Nao, wakirudi kwake na jibu la kwa nini tangi tupu hulipuka, huenda wakamwokoa.