TOKA KLINIKI: Mkwe Mwalimu Ameitwa Semina

Akina mama wenzangu, niko Shelui, hapa chini ya mlima Sekenke. Mnaposoma haya shule zimefungwa, alizeti ziko uwanjani zinasubiri kupigwa, na wapo akina mama wenye manung'uniko. Mwezi huu nimeulizwa jambo moja na watu watatu mbalimbali, wawili kliniki na mmoja baada ya kipindi cha akina mama. Jambo lenyewe ni hili: kijana wangu ameoa mwalimu, ajira mpya, mtoto wao bado ananyonya. Tulitegemea likizo ya Juni aje nyumbani tusaidiane mavuno. Sasa ameitwa semina Kiomboi wiki nzima. Hiyo ni likizo gani?

Nianze na hilo neno likizo, maana ndipo ugomvi unapoanzia. Shule ikifungwa, wanaopumzika ni watoto. Mwalimu ni mtumishi kama mimi muuguzi. Sheria ya kazi inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, na siku hizo anaziomba na kuruhusiwa. Siku nyingine zote ni za mwajiri, hata kama kengele haigongwi. Tena mwenye ajira mpya yuko katika kipindi cha matazamio cha miezi 12, ndipo athibitishwe kazini. Ukimwambia mkwe wako akatae kwenda mafunzo kwa sababu ya alizeti, unamwambia acheze na mkate wa wajukuu wako.

Lakini najua swali la akina mama hawa halikuwa la sheria. Mmoja alisema wazi, "Nesi, huyu amesoma chuoni miaka yote, ana cheti. Bado anafundishwa nini?" Ni swali la haki, na linastahili jibu la kweli.

Tazameni mambo yalivyobadilika. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la 1 na la 2 uligeuzwa, mkazo ukawekwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, ile tunayoiita KKK. Mwaka 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa, na madarasa yakafurika. Halafu ikaja Sera ya Elimu toleo la 2023, na kuanzia Januari 2024 mitaala mipya ikaanza kutumika. Sasa elimu ya msingi inakuwa miaka 6 badala ya 7, na Kiingereza kinaanza kufundishwa darasa la 1. Mtu aliyehitimu chuo kabla ya hapo alifunzwa kwa vitabu vingine. Msichana huyo anapewa darasa la 1 lenye watoto wanaokaa hadi sakafuni, vitabu vipya mkononi, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha namna ya kumfundisha sauti za herufi mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kinyiramba au Kisukuma. Asipoonyeshwa atafanya nini? Atafanya alichofanyiwa yeye alipokuwa mdogo: ataandika ubaoni, watoto wataimba pamoja, na Novemba nusu yao watakuwa hawajui kusoma majina yao.

Wala si jambo geni. Wenye umri kama wa mama yangu wanawakumbuka walimu wa UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza watoto wote wa umri wa shule waandikishwe kufikia 1977, na walimu hawakuwepo. Basi walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la 7, wakawa wanafundisha vipindi vichache na saa nyingine wanasoma wao wenyewe, kwa vitabu vya masomo kwa njia ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa wakufunzi waliowazungukia vijijini, kwa muda wa miaka 3. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watu waliwacheka sana, na mpaka leo mtu akikosea hesabu huambiwa amefundishwa na mwalimu wa UPE. Mimi siwacheki. Nilijifunza kusoma kwa mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni, na mwandiko wangu ninaoandikia kadi za kliniki ni wake.

Sasa nisije nikawafanya mdhani kila semina ni njema. Zipo semina ambazo mtu anakaa siku 3 akisikiliza mtu akisoma karatasi, anakunywa soda, anasaini posho na kurudi kama alivyokwenda. Sisi wauguzi tunazijua hizo. Ili leseni yetu ihuishwe, Baraza la Uuguzi na Ukunga linatudai ushahidi wa mafunzo endelevu, kwa hiyo nimekalia viti vingi vya plastiki katika kumbi nyingi. Niwaeleze jambo lililotokea jirani zetu Haydom, kule Mbulu, maana limenifundisha namna ya kuipima semina.

Mwaka 2010 katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom wakunga walipewa mafunzo ya siku 1 ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua akizaliwa. Wakajaribiwa kwa mwanasesere, wakafanya vizuri. Watafiti hawakuishia hapo, wakakaa ndani ya chumba cha kujifungulia wakaangalia kazi yenyewe. Miezi ikapita, na huduma kwa mtoto halisi ilikuwa haijabadilika. Walijua kwenye mwanasesere, mikono ikasahau kwenye hatari. Ndipo mwaka 2011 wakabadili mtindo: mwanasesere akawekwa pale pale wodini, kila mkunga akawa anafanya zoezi la dakika chache mara kwa mara, na kila mwezi wanakumbushana kwa muda mfupi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wakunga ni wale wale, hospitali ni ile ile. Kilichobadilika ni kurudia zoezi karibu na kazi.

Nafurahi kuona wenzetu wa elimu nao wameelekea huko. Taasisi ya Elimu Tanzania ina mpango unaoitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu wa shule moja wanakaa pamoja shuleni kwao, wanachukua moduli moja au somo moja gumu, mmoja anafundisha wengine wanamtazama, kisha wanasemezana. Shule za jirani zinakutana, na wapo walimu wanaofunzwa nje ili waje kuwafunza wenzao. Mkoa wetu wa Singida umebahatika kuingizwa katika miradi zaidi ya mmoja ya kuwajenga walimu, kwanza EQUIP-T na baadaye Shule Bora. Kwa hiyo mkwe wako anapoitwa wakati wa likizo, huenda ni kwa sababu akirudi anategemewa kuwafundisha wenzake. Akirudi na makopo ya kuhesabia, kadi za herufi na maboksi aliyokata mwenyewe, ujue ile semina ilikuwa ya kazi. Akirudi na kalamu na begi jipya tu, muulize kwa upole walifanya nini.

Sasa nije kwenye lililo langu hasa, yaani mtoto.

Mwaka jana nilimhudumia mwalimu mmoja kijana, siwataji yeye wala shule yake. Alijifungua, akamaliza siku zake 84 za likizo ya uzazi, akarudi darasani. Mtoto akiwa na miezi 4 aliitwa mafunzo ya siku 5. Nyumbani wakakataa katakata mtoto asisafirishwe, na hakuna aliyekubali kumsindikiza. Akaenda peke yake. Siku ya 3 matiti yalikuwa magumu kama jiwe, homa ikapanda, akashindwa hata kushika kalamu, akarudishwa. Huku nyumbani mtoto alikuwa amepewa maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi kwa chupa, akaharisha. Niliwapokea wote wawili siku moja. Yule mama alilia, na si kwa maumivu tu. Alisema, "Watasema nilikimbia mtoto, na kazini watasema nilikimbia semina."

Mtoto alipona, naye titi halikufikia kupasuliwa. Lakini homa ile ilitokana na familia kukataa nauli ya mtu mmoja.

Kama mtoto hajafika miezi 6, asitenganishwe na mama yake kwa siku 5. Aende naye. Aende na mtu wa kumshika: dada wa kazi, wifi, au wewe mwenyewe bibi. Ukumbini mama atoke kunyonyesha. Sheria ya ajira inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku katika muda wa kazi, na mwalimu asiione haya kuwaeleza waandaaji mapema, kabla hajapanda basi. Wengi watamsikiliza wakiambiwa mapema. Wakiambiwa asubuhi ya ufunguzi, mtoto akilia mlangoni, hapo ndipo nyuso hukunjwa.

Kama ni mafunzo ya mchana tu hapa hapa kata, anarudi jioni, mtoto anaweza kubaki. Akamue maziwa asubuhi baada ya kunawa mikono kwa sabuni, ayaweke kwenye chombo kilichochemshwa chenye mfuniko. Kwa joto la huku kwetu yasizidi saa 4 bila jokofu. Kwenye jokofu siku nzima yanakaa salama. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, taratibu, akilamba mwenyewe. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha na ndiyo inayotuletea kuhara. Maziwa yakitengana, cream juu na maji chini, hayajaharibika, tikisa kidogo. Nasema hivi kwa sababu nimewaona bibi wakiyamwaga, na mama amekesha akiyakamua!

Na huyo mwalimu akiwa ukumbini akaona matiti yanajaa, asisubiri chai ya saa 4. Atoke akamue. Titi likianza kuuma asiache kunyonyesha, bali azidishe, akianza na titi hilo hilo kama anaweza kuvumilia. Homa ikidumu zaidi ya siku moja aende kituo cha afya, asimeze vidonge vya dukani.

Liko jingine ambalo linanong'onwa tu. Waume hawapendi semina. Wanasema huko kuna nyumba za wageni, kuna mabosi, kuna mambo. Mama mkwe mwenye busara asichochee moto huu kwa kijana wake. Lakini pia tusijifanye hatujui. Msichana mgeni kazini, asiyejua nani ni nani, anaweza kuambiwa kwamba jina lake litaingia orodha inayofuata akikubali jambo fulani. Aambiwe na mama yake, au na mama mkwe ambaye ni kama mama, kwamba hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapigiwa bure namba 113. Aambiwe pia kwamba akisumbuliwa atasikilizwa nyumbani. Hili la pili lina uzito kuliko la kwanza. Nimekutana na wasichana walionyamaza, wakaacha hata kuomba mafunzo, kwa hofu kwamba mume atasema wao ndio waliojipeleka.

Kwa hiyo alale na walimu wenzake wa kike, chumba kimoja wawili au watatu, apige simu jioni. Mume naye apige, aulize habari za mafunzo na si habari za nani alikaa kiti gani.

Kuhusu posho niseme kidogo tu. Ile fedha ni ya chakula na malazi yake. Nimesikia nyumba ambako mwalimu anaporudi anasubiriwa mlangoni, mwenye sukari na mwenye debe la mahindi. Matokeo yake anakula andazi moja kwa siku huko aliko ili abakize kitu, na mwenye kunyonyesha akishinda na njaa anachoka kweli kweli.

Na alizeti? Mama yule wa kliniki nilimwuliza wanapiga debe ngapi kwa siku. Tukahesabu pamoja kwenye ganda la boksi la gluvu. Siku 5 za mkono wa mkwe ni sawa na kibarua mmoja wa siku 5, na gharama yake inajulikana kijijini. Kijana wake anaweza kuilipa. Alitazama ile hesabu akasema, "Kumbe." Sijui atafanya nini, basi linaondoka Jumapili.

Wanaokwenda na watoto wasisahau kadi ya kliniki. Kama mtoto anatimiza miezi 9 wiki hiyo hiyo, chanjo yake ya kwanza ya surua na rubela anaweza kuipata huko huko Kiomboi, bure. Waende asubuhi mapema siku ya kliniki, kabla mafunzo hayajaanza, na aliyemshika mtoto ajue jina lake lote na tarehe yake ya kuzaliwa.